Madamu Aliyewavisha Bakteria Makoti

Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Alikuja Mabibo kupanga chumba na sebule kwangu akiwa na kitanda kimoja, mabegi mawili ya nguo na maboksi kumi na moja ya vitabu, akakaa miaka tisa. Mtaani walianza kumwita Dokta, kwa kuwa walisikia ni daktari wa chuo. Wiki ile ile jirani akaja mbio na mtoto mwenye homa, akamtua mapajani mwake. Yeye akampapasa mtoto paji la uso, akamrudisha kwa mama yake, akasema, "Mama, mpeleke zahanati sasa hivi. Mimi ni daktari wa bakteria, na mtoto wako si bakteria." Watu wakacheka mpaka wakachoka. Tangu hapo akawa Madamu, kama walivyomwita wanafunzi wake wa hosteli, na wengi pale kwetu jina lake hawalijui hadi leo. Mie nalijua, ila sitaliandika. Nimeshamkosea vya kutosha.

Kosa lenyewe nitalifikia. Kwanza niwape mtu mwenyewe, maana si haki mtu akumbukwe kwa ubaya aliotendewa tu.

Alinizidi miaka kama kumi na mitano. Kwa hiyo kila asubuhi mie mwenye nyumba ndiye niliyempa mpangaji shikamoo, naye akaitika marahaba, halafu akaniita "mama mwenye nyumba" kwa heshima zote. Tuliheshimiana kama wakwe. Mtaa mzima unaniita Mama Barafu, kwa sababu ndiyo kazi yangu: nina friza mbili za kulala, nauza barafu ya wauza samaki, juisi ya ukwaju na ya ubuyu, na lambalamba za watoto. Yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Nilimwambia, "Madamu, niite tu kama wenzio." Akajibu, "Hapana. Mtu anayekupa paa haitwi kwa biashara yake."

Alikuwa anapiga hodi kwenye friza. Nacheka nikiandika, lakini wallahi ndivyo alivyokuwa. Wanafunzi wake walinisimulia kwamba kule maabara, kabla ya kufungua mlango wa friza ya bakteria, husimama, hugonga mara mbili, husema "hodi humu," ndipo afungue. Nikadhani wananitania. Nilipomuuliza hakuona haya. "Nisipopiga hodi nitafungua kama nafungua kabati la vyombo," alisema. "Nikipiga, nakumbuka kwamba humo ndani mna viumbe." Na hakupenda mtu aseme "wadudu" kwa kebehi. Kwake bakteria walikuwa wa aina mbili, wenye adabu na wasio na adabu, na alivyowazungumzia wale wenye adabu ungedhani ni watoto aliowasomesha.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na vichekesho. Bakteria wake wenye adabu alikuwa anawatoa kwenye mtindi. Kila Jumamosi anashuka soko la Mabibo, anazunguka kwa akina mama wanaoleta mtindi wa kibuyu kutoka huko mashamba, anauliza ng'ombe wanakula nini, kibuyu kinafukizwa kwa mti gani, nani alimfundisha kugandisha. Anachovya ncha ya kidole, anaonja, anatema pembeni. Watoto wakamwiga, wakawa wanachovya vidole na kutema kila kitu, hadi uji. Na kwa nini alitema? Kwa sababu maziwa hayawezi! Akinywa nusu glasi tumbo linajaa kama mpira na usiku kucha hana amani. Mtu aliyetoa maisha yake kwa mtindi, mtindi wenyewe ulikuwa adui yake.

Na alikuwa na mengine hivyo hivyo. Alinawa mikono kama mtu anayeingia upasuaji, mpaka kwenye viwiko, na aliwakanya wanangu kwa ajili ya kucha. Halafu huyo huyo unamkuta jioni amesimama kwa muuza chips karibu na hosteli, anakula chips mayai kwa vidole, na kachumbari ambayo nyanya zake zilioshwa mwaka juzi. Nikimsema, anatikisa kichwa, "Niache, mama mwenye nyumba. Mtu lazima awe na dhambi moja."

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu maganda ya kamba. Alikuwa akiyaleta kutoka Kawe, kwa wauza samaki, kwa ndoo, akayaanika juu ya bati langu. Harufu yake, mama yangu wee! Paka wote wa Mabibo wakahamia kwangu. Wapangaji wawili wakanitolea notisi. Nikapanda juu kwa hasira nikayafagia yote chini. Akaja, akayaokota moja moja, na aliponyanyua uso nikaona machozi. Nikashuka kwenye ngazi, nikamsaidia kuokota. Ndiyo siku aliyonieleza anafanya nini.

Alinieleza kwa karanga za mayai, zile zilizovikwa ganda la unga. Alitoa pakiti mfukoni, akanipa moja mie na moja mdogo wangu Zuhura, akasema, "Wekeni mdomoni, msitafune." Tukamung'unya. Ganda likalainika, likayeyuka polepole, karanga ikabaki nzima. "Haya," akasema. "Bakteria mwema ndiye karanga. Nikimpa mgonjwa hivi hivi, tindikali ya tumboni inamuua kabla hajafika kwenye utumbo wenye vidonda. Kwa hiyo namvisha koti." Koti lenyewe alilishona kwa chembe zinazotokana na maganda ya kamba na mwani wa Zanzibar, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ukiupasua mara elfu, ndio unakaribia unene wa chembe moja. Ndani ya chembe aliweka nguvu ya manjano, ile inayotuliza uvimbe. Bakteria avuke tumbo akiwa na koti lake, afike penye kidonda, koti likatike, manjano itulize, na bakteria akae pale kama mlinzi. Kamba, mwani, manjano na mtindi! Nikamwambia, "Madamu, huo ni mchuzi." Zuhura akacheka mpaka akashika tumbo, na kushika tumbo kwake haikuwa jambo la kuchekesha.

Zuhura ni mdogo wangu wa tumbo moja, Mungu amrehemu. Mama alimwacha na miaka tisa nikamlea mie, kwa hiyo alikuwa mdogo wangu na mwanangu. Alipofika miaka ishirini ukaanza ugonjwa. Chooni mara kumi kwa siku, na damu. Zahanati ya kwanza wakasema amiba. Ya pili wakasema amiba na taifodi. Ya tatu wakasema amiba sugu. Shangazi yetu wa Buguruni akasema mtoto katupiwa kitu, akaletwa mtu wa kumsomea, akasomewa siku saba, damu iko pale pale. Alikuwa na mchumba, akamrudishia pete mwenyewe. "Nitakaaje kwenye nikahi, dada," aliniambia, "na masheikh wetu hawa wenye hotuba ndefu?" Alisema kwa utani, halafu akageukia ukutani.

Madamu ndiye aliyeitoa ile amiba nyumbani kwetu. Hakuwa na miezi miwili kwangu alipoona kwenye kapu la taka paketi ya nne ya vidonge. Akaishika kwa vidole viwili. "Hii amiba gani isiyokufa?" aliuliza. Akatupeleka hospitali kubwa yeye mwenyewe, akakaa nasi kwenye foleni tangu alfajiri, na vipindi vyake chuoni akavikosa. Zuhura akapigwa ile kamera ya utumbo. Daktari akasema ni kinga ya mwili wake mwenyewe inayoupiga vita utumbo mpana, una vidonda kuanzia mwisho hadi katikati, na kwamba ugonjwa huu unatulizwa, hauponi. Nililia pale pale benchini. Zuhura akasema, "Angalau sijarogwa."

Dawa za hospitali zilimvimbisha uso akawa hajitambui kwenye kioo. Akizitumia damu inakatika, akipunguza inarudi. Kuna miezi dawa hazikupatikana kabisa. Kwa hiyo kazi ya Madamu ikawa ya kwetu sote. Akirudi jioni, Zuhura anamsubiri mlangoni, "Panya wangu wanaendeleaje?" Madamu anakaa kwenye mkeka, anavua viatu, anampa habari zote. Wale panya wa maabara walitiwa ugonjwa kama wake. Na siku ile waliopewa bakteria wenye makoti walipoacha kutokwa damu, wakaanza kula na kunenepa, Madamu alikuja kwa bodaboda badala ya miguu. Hakuwahi kupanda bodaboda kabla ya siku ile. Alimkumbatia Zuhura, wakazungukazunguka uani, na mie nikawapa juisi bure.

Usidhani sikumuomba. Nilimuomba. Nilimfuata chumbani nikapiga magoti, mie na umri wangu. "Madamu, mpe Zuhura hiyo hiyo ya panya. Kidogo tu. Hakuna atakayejua." Akaninyanyua. "Panya si Zuhura," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, aliyasema kila wakati, kwetu na kwa wanafunzi wake: panya si Zuhura. Akasema hajui chembe zile zinaishia wapi zikishamaliza kazi, ini au figo, na kwamba mtu mwenye vidonda mlango wake uko wazi, hata bakteria mwema anaweza kuingia kwenye damu akawa muuaji. "Nikimpa akapona, sitajua kwa nini. Nikimpa akafa, nitajua ni kwa nini." Nikatoka na hasira. Nilimwita roho mbaya, tena kwa sauti, majirani wasikie.

Nikajaribu mwenyewe, jamani. Ujinga huo niliufanya. Nilichukua mtindi, nikatia manjano, nikasaga maganda ya kamba kwenye kinu, nikachuja kwa kitambaa, nikampa Zuhura bakuli zima. Hiyo wiki alikaribia kutuacha. Madamu alipojua, ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti. Alinishika mabega akanitikisa, "Umempa kamba? Umempa kamba mtoto wa watu?" Halafu akainama akachukua mashuka yaliyojaa damu, akaenda nayo bombani, akayafua kwa mikono yake ile iliyooshwa mpaka viwikoni. Aliyafua kila siku hadi Zuhura alipoweza kusimama. Ndivyo alivyokuwa. Dawa alimnyima, lakini mashuka hakumwachia mtu.

Haya, sasa kosa langu.

Mwaka wake wa mwisho kwangu, friza ya maabara iliungua motori, tena wakati wa Ramadhani. Chuo wakasema subiri, kuna utaratibu. Madamu alikuwa na vichupa arobaini vya bakteria wenye makoti, tayari kwa majaribio makubwa ya panya, yale ambayo wakubwa wake walisema yakifanikiwa kama ya kwanza, ndipo litajadiliwa suala la kwenda kwa watu. Alikuwa amebakiza miezi kustaafu. Vifaa vya kushonea makoti vilitoka nje na vilikuwa vimekwisha. Vichupa vile arobaini ndivyo vilivyobaki duniani. Akanijia mie. "Mama mwenye nyumba, friza yako naiamini kuliko ya chuo." Sikulala kwa furaha. Mie, niliyeishia darasa la saba, nikatunze sayansi!

Alivileta kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, akaviweka kwenye kona ya chini, akanipa sharti moja tu. "Viyeyuke mara moja, siku ya kazi, mkononi mwangu. Kabla ya hapo visiyeyuke." Nikasema, "Madamu, unamfundisha Mama Barafu kugandisha?" Akacheka, akaenda zake.

Mkesha wa Idi nilikuwa na oda za juisi mpaka kichwa kinauma. Friza ilikuwa imejaa theluji ukutani, nusu ya nafasi imeliwa. Kila muuza barafu anajua dawa yake: unazima, unaweka beseni la maji ya moto ndani, unafunika, theluji inadondoka yenyewe, unafuta, unawasha. Kazi ya asubuhi moja. Nikalitoa boksi la Madamu, nikaliweka katikati ya ndoo kubwa ya barafu, nikazungushia maranda ya mbao, nikafunika kwa gunia. Hivyo ndivyo tunavyopakia barafu ya kwenda Kawe, na inafika nzima jua kali limewaka. Nilijiona fundi. Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Baada ya adhuhuri nikafungua gunia. Barafu ipo kama nilivyoiacha, ngumu, hata haijatoa jasho. Nikafungua boksi. Nikanyanyua kichupa kimoja, maji ndani yakacheza.

Nilinyanyua cha pili, cha tatu, vyote vinacheza. Nikasimama pale sielewi. Barafu haijayeyuka, hivi vimeyeyukaje? Kisha ikanijia, na ilinijia kwa kunichoma. Madamu alishaniambia anawatia bakteria wake sukari wasife kwa baridi. Mie nimeuza lambalamba miaka ishirini, najua kuliko mtu yeyote Mabibo kwamba chenye sukari ndicho kinachochelewa kuganda na ndicho kinachowahi kuyeyuka. Ukiweka lambalamba kwenye barafu ya maji matupu, jioni unakuta uji. Hilo nilikuwa nikiwaambia wateja kila siku, na siku hiyo halikunijia.

Nikavirudisha. Asubuhi ya Idi vilikuwa vimeganda, vigumu, vizuri, huwezi kujua. Siku ya tatu ya Idi Madamu akaja na boksi lake la kubebea. Akapiga hodi, akafungua, akavishika, akanigeukia akitabasamu. "Havikuyeyuka?"

Nikasema, "Wallahi havikuyeyuka."

Kwa nini niliapa? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sikuapa kwa ubaya. Niliona haya. Aliniamini kuliko chuo. Nikajiambia vimeganda tena, tofauti ni nini, baridi ni baridi. Na niliogopa atasema basi, hakuna majaribio, na Zuhura alikuwa anahesabu siku.

Panya hawakupona hata mmoja. Madamu aliwahesabu bakteria kwenye vichupa, akakuta wengi wako hai, kwa hiyo hakushuku kitu. Yale makoti yenyewe hayaonekani kwa darubini ya hapa. Kuna mashine nje ya nchi, unatuma, unasubiri, unalipa, na hakuwa na cha kutuma wala cha kulipa. Akarudia hesabu zake miezi miwili, akakonda, chips akaacha. Mwisho akasimama mbele ya walimu wenzake akasema matokeo yake ya kwanza hayajirudii, yalikuwa bahati, na ameandika kuondoa makala aliyokuwa amepeleka jaridani. Hakuna aliyemlazimisha. Alirudi nyumbani akakaa kwenye mkeka wetu, akamwambia Zuhura usoni, "Nilikosea, mwanangu. Nilikupa tumaini ambalo sikuwa nalo. Unisamehe." Zuhura akambusu mkono. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la juisi; nikaingia, nikawamiminia.

Chuo walikuwa wamesema wangemwongeza mkataba, hawakumwongeza. Akahamia Tandika, huko Temeke. Nilimsaidia kubeba maboksi ya vitabu hadi kwenye gari, yote kumi na moja, na kila boksi nilisema nitamwambia nikilishusha hili.

Zuhura aliishi miaka mitatu zaidi. Walimkata utumbo, wakamwekea mfuko ubavuni, akapata nafuu, akaanza hata kunisaidia kufunga juisi. Kisha ndani pakaoza, akarudishwa chumba cha upasuaji, akatoka humo amefunikwa. Madamu sikumpa taarifa. Nilikuwa na namba yake. Niliogopa atakuja kwenye msiba anishike mkono anipe pole, na sikuweza kuipokea pole kutoka kwake. Tulipomaliza khitma ya arobaini nikaona siwezi tena. Usingizi sina, swala inanishinda, kila nikisujudu nasikia ile wallahi yangu. Nikasema naenda Tandika, namwambia yote mawili, vichupa na msiba, anifanye atakavyo.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na baraza yake ameigeuza darasa: mabenchi manne, ubao, watoto wa sekondari wanakuja twisheni ya bayolojia. Nilimkuta peke yake, anafuta ubao. Amezeeka, Ya Rabi. Miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, mabega yameshuka. Alinitazama kidogo kabla hajanitambua.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba! Mama mwenye nyumba! Umenitafuta mpaka huku?" Akanivuta nikae benchini. Akaniuliza mtaa, akaniuliza biashara. Nikaona akianza kuuliza watu nyumbani sitaweza tena, nikamkatisha.

"Madamu, vile vichupa viliyeyuka."

"Vichupa gani?"

"Vile arobaini. Mkesha wa Idi. Nilikuapia uongo."

Nikamweleza yote, beseni, ndoo, maranda, gunia, maji yakicheza. Nilikuwa nalia, yeye halii. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaanza kuniuliza kama anayeuliza mwanafunzi. Vilikaa ndoo saa ngapi? Vyote viliyeyuka au vya juu tu? Kabisa, au kama uji? Friza ilipowashwa vilichukua muda gani kuganda? Nikajibu nilivyokumbuka. Akaangalia sakafu, midomo inacheza.

"Chembe zilishikana," alisema polepole. "Zikiyeyuka, zikaganda tena taratibu kwenye friza ya nyumbani, zinashikana mabonge. Koti linachanika. Bakteria yuko hai, namhesabu, naona yuko hai, kumbe yuko uchi. Niliwapa panya bakteria walio uchi."

"Nisamehe, Madamu."

Hakunisikia. "Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi," alisema. Akasimama. "Mama mwenye nyumba, ilikuwa inafanya kazi! Sikukosea!" Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Asante. Mungu akubariki kwa kuja. Asante sana." Mie nilikwenda kutukanwa. Nilitaka anitukane, anifukuze, aniite muuaji, nitoke pale nimelipa. Tusi gani lingeniuma kama ile asante?

Akawa mtu mwingine. Akavuta daftari, akakaa, akaanza kuandika haraka haraka. Kuna mwenzake wa zamani bado yuko maabara, atamwandikia leo hii. Makoti yatashonwa upya. Panya kwanza, kwa utaratibu, safari hii friza ya uhakika. Kisha kibali cha kwenda kwa watu. "Nina nguvu za miaka mitano, sita," alisema. "Inatosha. Na wakianza kuchagua wagonjwa wa majaribio nitasimama mwenyewe, niseme kuna binti mmoja Mabibo amesubiri kuliko wote." Akanyanyua uso, miwani imeinama. "Zuhura sasa ana miaka mingapi?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelibeba kutoka Mabibo.

"Thelathini na minne," nikasema.

"Bado mdogo," akasema Madamu, akaiandika.